Boti ya kwanza ya familia: gumzo la kikundi cha "Wajukuu wa Bibi"

ALHAMISI

Baba Nuru, 20:07
Shikamooni wakubwa. Wengine habari zenu. Mchango wetu wa boti umefika mahali pa kuzungumzika. Nimepata mbili zinazouzwa, naziweka hapa mzione.
[Picha 6]

Baba Nuru, 20:09
Ya kwanza ina futi 23, ina chumba kidogo cha kulala mbele, mashine ya ndani. Ya pili futi 16, ya wazi, faiba, mashine ya nje nguvu farasi 40, inauzwa pamoja na trela. Bei zake zinakaribiana mno, ndiyo maana nataka mawazo yenu.

Juma, 20:10
Kaka hiyo ya kwanza!! Bei ileile na kitanda juu. Tunangoja nini?

Mjomba Daudi, 20:18
Marahaba wanangu. Futi 23 ikiuzwa bei ya futi 16, mwenye nayo anajua jambo ambalo ninyi bado hamjalijua. Nendeni mkaione, ila msiende na pesa mfukoni.

Rukia, 20:20
Shikamoo mjomba. Kwani mashine ya ndani ina ubaya gani?

Mjomba Daudi, 20:26
Marahaba Rukia. Haina ubaya ikiwa na mtu wa kuiangalia. Lakini imezikwa chini ya sakafu. Kuifikia tu ni kazi, na ikifa lazima ing'olewe kwa winchi. Ya nje unalegeza bolti, unaipeleka kwa fundi, au unaweka nyingine. Halafu kuna mvuke wa petroli. Ni mzito kuliko hewa, hauruki kwenda zake, unatuama kwenye ngama chini kule. Cheche moja inatosha. Ndiyo maana boti hizo zina feni ya kutoa mvuke, na inatakiwa izunguke dakika 4 nzima kabla hujawasha mashine. Je, kila mmoja wenu atakumbuka hilo kila safari, na watoto wanalilia kuondoka?

Mama Nuru, 20:31
Mimi naomba tuulizane kitu kimoja. Tutakwenda nayo wapi na kufanya nini? Ninavyojua mimi ni kuzunguka ziwani, watoto waogelee, wanaopenda wavue, jua halijazama tumerudi. Nani humu atalala kwenye boti?

Juma, 20:32
Mimi ningelala shemeji

Mama Nuru, 20:32
Mara ngapi kwa mwaka?

Juma, 20:35
Labda mara moja. Sawa nimeelewa

Shangazi Tausi, 20:44
Daftari la mchango liko kwangu, kwa hiyo nisikilizeni. Pesa mliyochanga si ya boti peke yake. Humo humo kuna bima, usajili, mahali pa kuiegesha, majaketi ya kuokolea, nanga na kamba yake, na matengenezo ya mwanzo ambayo hayakosi kwenye boti iliyotumika. Watu wengi wanasema tenga asilimia 10 ya bei kila mwaka kwa kuitunza. Kwa boti kuukuu mimi sikubali, haitoshi. Plagi na pampu haziangalii boti mliinunua kwa bei gani. Kuanzia usiku huu nimeitoa robo ya mchango na kuiweka pembeni. Tafuteni boti kwa robo tatu iliyobaki.

Baba Nuru, 20:46
Shangazi, kwa robo tatu zote mbili zinatupita kidogo.

Shangazi Tausi, 20:47
Kidogo ndiyo kazi ya kupatana bei.

Mjomba Daudi, 20:52
Tausi amesema sawasawa. Baba Nuru, kwenye hiyo ndogo mwombe mwenyewe apige picha kile kibati kilichobandikwa karibu na usukani.

Baba Nuru, 21:15
[Picha]
Kimeandikwa C, watu 5.

Mjomba Daudi, 21:22
Vizuri. Hizo ni herufi za Ulaya za kuonyesha boti imeundwa kwa maji ya namna gani, A hadi D. D ni ya maji yaliyotulia kabisa, mito na maziwa madogo. C inavumilia upepo hadi nguvu ya 6 kwa kipimo cha upepo cha Beaufort na mawimbi hadi mita 2. Hiyo ni kwa boti ilivyoundwa. Ninyi wageni wa maji mkiona mawimbi ya nusu mita geuzeni. Kibati hicho pia kinataja uzito wa juu kabisa wa kupakia, usiishie kwenye idadi ya watu.

Rukia, 21:24
Watu 5 na sisi na watoto tuko 8. Ina maana haitutoshi?

Juma, 21:25
Watoto wawili si wanahesabika mtu mzima mmoja?

Mjomba Daudi, 21:31
Kwa kilo labda. Kwa kukaa hapana. Mtoto akiona samaki ubavuni wote wanakimbilia upande huo, na hapo ndipo boti ndogo inapolalia ubavu. Mtakwenda kwa zamu. Watano majini, watatu ufukoni na vitu. Wanaobaki ndio wanaojua wenzao wamekwenda wapi na wanarudi saa ngapi. Hilo peke yake ni ulinzi.

IJUMAA

Mjomba Daudi, 06:58
[Ujumbe wa sauti 4:06]

Shangazi Tausi, 07:40
Daudi niko kazini siwezi kusikiliza. Rukia mwanangu andika alichosema.

Rukia, 08:25
Nimeandika alivyosema mjomba, nimepunguza salamu tu:

"Mkifika, kabla ya kuzungumza lolote, wekeni kiganja kwenye mashine. Iwe baridi. Mashine mbovu ikishapashwa inawaka kama mpya, ila asubuhi ikiwa baridi ndipo inasema ukweli wake. Ikiwa ya moto, mtu ameiwasha kabla yenu na ana sababu.

"Halafu njooni tezi, kwenye ule ubao wa nyuma unaobeba mashine. Huo ndio roho ya boti ya faiba. Ndani yake mara nyingi kuna mbao zilizofunikwa faiba mbele na nyuma, na maji yakipenya kwenye tundu la bolti moja lisilozibwa vizuri, mbao zinaoza huku nje panang'aa. Kuutengeneza ni kuupasua na kuujenga upya, na gharama yake inaweza kufika bei ya boti. Inueni mashine nusu, mmoja ashike mguu wake kwa chini aukandamize kwa uzito wa mwili, mwingine ainame atazame ule ubao. Usitikisike hata kidogo. Kisha gongeni kwa mpini wa bisibisi, polepole, kutoka pembeni kuja katikati. Palipo pazima panalia kwa ukali. Palipooza panajibu mlio mzito uliokufa. Sikio litawaambia, hamhitaji ufundi. Gongeni na sakafu, na tembeeni juu yake bila viatu. Mguu ukihisi inabonyea, mataruma, zile mbavu za boti chini yake, yamelowa.

"Halafu oili ya giaboksi. Chini ya mguu wa mashine kuna skrubu. Mwombeni mwenyewe ailegeze, mtazame matone ya kwanza. Ikiwa nyeusi, imekaa muda mrefu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Akikataa kuilegeza, rudini nyumbani. Mkaazime na geji ya kupimia kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda za mashine, kwa fundi yeyote wa pikipiki."

Bibi, 08:40
Mungu awabariki wanangu. Watoto wasipande bila maboya.

Mama Nuru, 08:42
Amina bibi. Hawatapanda 🙏

JUMAMOSI

Baba Nuru, 11:20
Tumeiona ya futi 23. Kwenye picha ni nzuri, na ukiwa umesimama mbele yake bado ni nzuri. Juma amegonga tezi.

Juma, 11:22
Mjomba huku kushoto inalia vizuri, ukikaribia katikati mlio unakufa kabisa. Na kuna mahali bisibisi imeingia yenyewe pembeni ya skrubu, sikuisukuma. Nilipoichomoa maji ya kahawia yametiririka chini mpaka kwenye kiatu changu. Mwenyewe anasema ni maji ya mvua

Mjomba Daudi, 11:25
Mvua haiingii ndani ya ubao uliozibwa. Ni mbao zinazooza. Mshukuruni, mwondoke.

Juma, 11:26
Anapunguza bei sasa hivi

Shangazi Tausi, 11:26
Hata akitoa bure tutalipa sisi. Ondokeni.

Baba Nuru, 14:48
Tumefika kwenye ya pili. Tezi haitikisiki, imelia vizuri pande zote, sakafu ngumu. Ila mjomba, mashine ni ya moto. Anasema ameijaribu ili asitupotezee muda.

Mjomba Daudi, 14:51
Huenda ni kweli, wapo watu wema. Mwambieni mnarudi kesho asubuhi na mnaomba asiiguse. Akikubali kwa moyo mweupe ni dalili nzuri. Leo angalieni trela. Pandisha gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Bearingi ikisaga kama ina mchanga, hamtafika nayo mbali barabarani.

Baba Nuru, 15:10
Moja inasaga, nyingine nzuri. Tairi zina nyufa za jua pembeni. Amekubali turudi kesho.

Shangazi Tausi, 15:12
Bearingi na tairi mbili nimeziandika. Naomba picha ya namba ya bodi, ile iliyochongwa tezi upande wa kulia juu. Na picha ya karatasi za umiliki.

Juma, 15:19
[Picha 2]

Shangazi Tausi, 15:37
Namba zinalingana na za kwenye karatasi, na jina ni la huyo huyo anayeuza. Nimefurahi. Lakini tarakimu mbili za mwisho ni 98, na hizo ndizo mwaka wa modeli. Baba Nuru, tangazo lilisema boti ya 2004.

Baba Nuru, 15:50
Nimemuuliza. Anasema mashine ndiyo ya 2004, ilibadilishwa. Bodi ni ya 1998 kweli.

Shangazi Tausi, 15:51
Basi miaka 6 hiyo nayo naiandika kwenye bei.

Rukia, 15:53
Mjomba, boti ya 1998 si imezeeka?

Mjomba Daudi, 16:05
Faiba iliyotunzwa inaishi kuliko watu wanavyodhani. Bodi ya 1998 yenye tezi kavu naipokea kabla ya bodi mpya zaidi iliyolowa. Kinachozeeka haraka ni vitu vya mpira na nyaya: mipira ya petroli, sili, waya za taa. Hivyo vinabadilishwa.

JUMAPILI

Juma, 07:31
Mashine baridi, nimeishika mwenyewe. Imewaka mara ya pili. Maji yanatoka nyuma yake kwa nguvu na hayakatiki

Mjomba Daudi, 07:33
Safi, pampu ya maji inafanya kazi. Hata hivyo kile kipanga chake cha mpira kinachosukuma maji mkibadilishe mwanzoni, hamjui kina umri gani. Kompresheni?

Baba Nuru, 07:52
Silinda tatu: 118, 121, 116.

Mjomba Daudi, 07:54
Nzuri sana! Kinachoangaliwa hapo ni zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Hizo ni ndugu. Oili ya giaboksi?

Juma, 07:56
[Picha]
Nyeupe mjomba 😔

Mama Nuru, 07:57
Ndiyo basi tena?

Mjomba Daudi, 08:01
Bado, shemeji yao asikate tamaa. Juma, mwombe ruhusa mwenyewe, fungua nati ya propela uitoe, utazame shafti pale nyuma.

Juma, 08:24
[Picha]
Mjomba kuna mshipi wa kuvulia umejiviringa! Mwingi, umekaza mpaka umeingia chini ya sili

Mjomba Daudi, 08:29
Huyo ndiye mwizi. Mshipi unavutwa na propela, unajisokota kwenye shafti, unaikata sili, maji yanaingia. Sili zenyewe ni bei ndogo. Swali ni maji yamekaa humo kwa muda gani, kwa sababu yakikaa gia zinashika kutu. Zungusheni shafti kwa mkono, sikilizeni.

Baba Nuru, 08:36
Inazunguka laini, hakuna kelele. Gia inaingia mbele na nyuma vizuri. Mwenyewe ameshangaa, anasema hakuwa na habari ya huo mshipi.

Mjomba Daudi, 08:40
Basi sili zote za mguu zibadilishwe, fundi aupime kwa presha kabla haujarudi majini. Gharama hiyo itoke kwenye bei yake, si kwenye robo ya Tausi. Jambo jingine mlijue kabla hamjakubali. Hiyo ni stroki mbili, oili inachanganywa na petroli. Kitabu chake kikisema 50 kwa 1, ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, haikadiriwi kwa macho. Inakunywa petroli kuliko stroki nne, na yapo maziwa yanayozikataza kabisa. Ulizeni ziwa lenu kwanza.

Rukia, 08:58
Nimeuliza. Kwetu zinaruhusiwa.

Shangazi Tausi, 09:15
Hesabu yangu: sili na kazi ya fundi, bearingi, tairi mbili, kipanga cha pampu, mipira ya petroli, na huo mwaka wa 1998. Nimemtumia Baba Nuru kiasi faraghani. Hicho ndicho cha kumwambia, na asipande zaidi ya hapo.

Baba Nuru, 09:48
Tumevutana. Amekubali pungufu kidogo ya ulichoandika shangazi, kwa sababu trela atatengeneza yeye. Nimempa sharti kwamba pesa inatoka baada ya sili kubadilishwa na boti kujaribiwa majini.

Mjomba Daudi, 09:53
Mnapoijaribu pandeni watu wazima 4 au 5, sio wawili. Boti tupu inakimbia hata ikiwa na tatizo. Mwende kasi yote dakika chache, muone mizunguko ya mashine kwa dakika inafika pale kitabu cha mashine kinaposema. Kisha simameni, fungueni ngama mtazame kama kuna maji. Kipo kile kikamba chekundu cha kuzimia mashine, anayeshika usukani akifunge mwilini kila safari. Na petroli mgawanye mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba.

Juma, 09:55
Nitakifunga mjomba. Naomba nifundishwe vizuri kabla sijashika usukani

Mjomba Daudi, 09:56
Siku ya kujaribu nitakuja mwenyewe.

Mama Nuru, 10:02
Kwa ile robo ya shangazi naanza na majaketi. Ya watoto yanachaguliwa kwa kilo, si kwa umri, na nataka yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu ili wasichomoke, na kola ya kuinua kichwa. Nimesoma yale ya alama 50, yaani nguvu ya kuelea, ni ya wanaojua kuogelea tu, kwa hiyo wote tunachukua kuanzia 100. Nitumieni kilo zenu. Pimeni leo, msikisie.

Rukia, 10:20
Amina 17, Yusufu 24. Nimewapima sasa hivi.

Baba Nuru, 10:21
Nuru 31, mimi 82.

Shangazi Tausi, 10:26
Mimi 71. Langu liwe la rangi ya chungwa, nionekane kwa mbali. Na msisahau la bibi, anasema anakuja zamu ya kwanza.