Je, wazao wa walowezi wanaweza kuisahau Dunia ndani ya miaka 300?

Mlango wa Mashariki (mwanzilishi wa mada)

Wapenzi wenzangu wa bunilizi za kisayansi, naomba ushauri wenu. Ninaandika hadithi ya safari na hatari katika sayari iliyo kwenye mfumo wa Alpha Centauri, ambako chombo chenye watu 400 kilitua vibaya na hakikuweza kuruka tena. Hadithi inaanza miaka 300 baadaye. Wazao wa walowezi hao wanalima, wanafuga na kupigana kwa mikuki, na chombo cha wahenga wao, ambacho sasa kimemezwa na msitu, wanakiita Mlima wa Chuma na hawathubutu kukikaribia. Msichana mmoja anavuka nyika na mito ili aufikie mlima huo, na humo ndani ndimo anamogundua kwamba watu wake walitoka katika ulimwengu mwingine.

Dada yangu aliusoma mswada akaniuliza swali ambalo limeninyima usingizi. Nyanya yetu, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, huwataja wahenga wetu hadi kizazi cha nane. Iweje basi watu waliosafiri baina ya nyota waisahau safari kubwa kama hiyo katika vizazi kumi na viwili tu? Kisa changu chote kimesimama juu ya usahaulifu huo. Je, unaaminika?

Fundi Nanga

Dada yako amesema kweli, ila hadithi yako haijafa. Nionavyo, umechanganya kusahau asili na kupoteza uwezo, mambo ambayo hayaendi kwa mwendo mmoja.

Watazame Waskandinavia waliohamia Greenland mnamo mwaka 985, wakaishi huko kwa zaidi ya miaka 400. Miti ya kuundia merikebu haikuota huko, na chuma kilikuwa adimu. Kumbukumbu za Iceland zinataja chombo chao kilichokuwa kimekwenda Markland, upande wa Amerika ya Kaskazini, mwaka 1347. Habari ya mwisho ya maandishi inayowahusu ni ya harusi iliyofungwa katika kanisa la Hvalsey mwaka 1408. Mmisionari Hans Egede alipokwenda kuwatafuta mwaka 1721, aliwakuta Wainuit, watu wa asili wa nchi za barafu, peke yao. Lakini nguo zilizofukuliwa katika makaburi ya Herjolfsnes zimeshonwa kwa mitindo ya Ulaya ya zama zile, maana yake ni kwamba watu hao walijua vyema walikotoka, na walijihesabu kuwa wa huko. Kilichowapungukia ni merikebu, wala si kumbukumbu.

Kwa walowezi wako mambo yangekuwa hivyo hivyo, tena kwa haraka zaidi. Katika watu 400 huenda mna mhandisi mmoja anayeujua mtambo wa umeme. Anaweza kumfundisha mwanawe kwa maneno, lakini kipuri cha mwisho kikiisha kuungua, mwana huyo atakuwa na maneno matupu mkononi, na mjukuu hataona sababu ya kuyakariri wakati shamba linamngoja. Kwa hiyo miaka 300 ni mingi mno kwa ufundi, ila ni michache kwa asili. Waache wajue kwamba walitoka mbinguni. Wasichokijua kiwe ni maana ya neno hilo.

Tanga Tatu

Naafikiana na Fundi Nanga kwa sehemu kubwa, lakini ningeuliza pia ni kitu gani hudumu, kwa sababu hapo ndipo hadithi hii inaponinogea.

Mababu wa Wapolinesia walikuwa wafinyanzi hodari, na vigae vyao vimezagaa katika visiwa vya Tonga na Samoa. Hata hivyo ufinyanzi ulikoma huko, na waliosonga mbele hadi Hawaii hawakuwa na vyungu vya udongo. Elimu ya kusafiri kwa nyota na mawimbi ndiyo iliyowafikisha. Mwaka 1976 Mau Piailug, nahodha kutoka kisiwa cha Satawal huko Mikronesia, aliiongoza ngalawa kubwa Hōkūleʻa kutoka Hawaii hadi Tahiti bila dira wala chombo chochote cha kupimia, kwa elimu aliyorithi kwa wazee wake. Ujuzi unaotumika kila siku, unaoimbwa na kukaririwa, huishi. Usio na kazi huzikwa na mwenyewe.

Sasa fikiria walowezi wako wangekuwa wasemaji wa Kiswahili. Wangekwenda na msemo wetu wa wakulima kuhusu kilimia, lile kundi dogo la nyota: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kutoka Alpha Centauri, ambayo ni kama miaka ya nuru 4.4 kutoka hapa, kilimia kingeonekana bado, kwa kuwa nyota zake ziko mbali mara mia hivi kuliko umbali huo. Ila mwaka wa sayari ile si mwaka wetu, na mvua zake hazifuati kilimia. Wazee wangeukariri msemo huo kwa heshima zote huku wakipanda kwa hesabu nyingine kabisa. Msichana wako angeanza kwa kuuliza kwa nini methali ya wahenga inasema uongo, na swali hilo lingempeleka mlimani vizuri zaidi kuliko udadisi mtupu.

Nyongeza ndogo: ukiwa huko, Jua letu lingeonekana kama nyota ya ziada yenye kung'aa katika kundinyota la Mke wa Kurusi.

Kijiti cha Usiku

Nawaheshimu waliotangulia, lakini nina hofu kwamba tutamfanya mwenzetu aandike tasnifu. Hii ni hadithi ya hatari na mikimbio! Jambo lililo muhimu kwangu ni nani ajue kwanza. Anne McCaffrey, katika riwaya yake ya mwaka 1968 kuhusu sayari Pern na wapanda majoka, alimwambia msomaji mwanzoni kabisa kwamba watu wale ni wazao wa walowezi kutoka Duniani, ilhali wahusika wenyewe hawajui. Usimfiche msomaji kwamba Mlima wa Chuma ni chombo. Atatambua kwenye ukurasa wa tatu na atachukia kuona unamficha. Mwache ajue, kisha umtie hofu kwa kila mlango ambao msichana anaufungua bila kujua unatoa nini.

Mlango wa Mashariki

Nawashukuru sana. Ndugu Kijiti cha Usiku, umenichoma, maana nilikuwa nimeuficha ukweli hadi sura ya kumi na tisa! Sura ya kwanza nimeanza kuiandika upya tangu asubuhi. Bibi kizee anawafundisha watoto msemo wa kilimia, mvua inanyesha siku ambayo haikupaswa kunyesha, na msichana anacheka peke yake. Anapigwa kofi kwa kicheko hicho. Usiku, akiwa amelala nje kwa hasira, anazihesabu nyota za Mke wa Kurusi kama wimbo wa watoto unavyozitaja, na kila akihesabu anapata moja zaidi.