Kitulo kwa miguu na vijana wa kwaya, twende mwezi gani?

Mwana wa Uyole:
Habari zenu wakuu. Nina vijana 14 wa kwaya hapa Mbeya, kila mwaka tunaenda Matema kuogelea tu, mwaka huu nimewaambia tupande hifadhi ya Kitulo tukatembee kwa miguu tuone maua. Mimi mwenyewe sijawahi kufika, naisikia tu inaitwa Bustani ya Mungu. Naomba mnisaidie, twende mwezi gani, tupitie Chimala au Isyonje, na je hawa watoto wa kike wenye raba za kawaida wataweza? Asanteni.

Mtoto wa Matamba:
Karibu kwetu kaka. Maua yanaanza mvua zikianza, Novemba hivi mpaka Aprili, ukija Julai utakuta nyasi kavu na asubuhi barafu imelala juu ya majani kama chumvi, utasema umedanganywa. Mimi napenda Februari, hapo uwanda wote umewaka njano, zambarau na nyeupe, okidi peke yake ziko aina 45 na zaidi. Pitieni Chimala, ile barabara ya Hamsini na Saba, kona zinahesabika kweli 57, na kila mkipanda bonde la Usangu linazidi kufunguka chini yenu. Mwenye kutapika kwenye gari akae mbele na asishibe sana.

Dada Sekela:
Mwezi uko sawa ila mvua msiichukulie poa. Mimi nilienda Machi na wenzangu watatu, tukaanza kutembea saa tano tena bila mwenyeji, saa nane ukungu ukashuka ukafunika kila kitu, na pale juu ni zaidi ya mita 2,600, hakuna mti wa kusema nitauona nirudi nao, ni nyasi tu pande zote. Radi zikaanza. Tulichuchumaa bondeni tumeshikana mikono mpaka ilipotulia, nilikuwa nalia kabisa. Kwa hiyo kaka, anzeni saa moja asubuhi, saa saba muwe mnarudi, na mchukue askari wa hifadhi wa kuwaongoza. Raba sawa kama soli ina meno, ila kila mtu awe na koti la mvua na sweta, pamoja na soksi za kubadilisha.

Mwana wa Uyole:
Dada pole sana, na asante, nilikuwa nimepanga tuanze saa nne. Na yule kima mpya, kipunji, tutamuona?

Mtoto wa Matamba:
Kipunji siyo wa uwandani, anakaa msituni upande wa milima ya Livingstone na kule Mlima Rungwe, ni wachache na wana aibu, usiwaahidi watoto. Wanasayansi wamemtangaza 2005, mwaka uleule Kitulo ilipokuwa hifadhi ya taifa, ila wazee wa Rungwe jina lake walikuwa nalo siku zote. Uwandani waangalie tandawala, ndege mkubwa anatembea taratibu kama mzee anakagua shamba.

Halafu naomba kitu kimoja kutoka moyoni, waambie vijana wasichume wala kung'oa hata ua moja. Okidi zetu zimechimbwa miaka mingi, viazi vyake vinapelekwa Zambia kupikwa chakula chao kinaitwa chikanda, na kila kiazi kikitoka ni mmea mzima umekufa. Mama yangu anasema utotoni kwake walikuwa wanazikanyaga njiani kwenda kuteka maji, leo unatembea unazitafuta. Inaniuma sana.

Dada Sekela:
Hilo la maua ni kweli tupu. Na mbebe vitambulisho vya NIDA, kiingilio cha Mtanzania siyo sawa na cha mgeni, na malipo ni kwa kontroo namba, kwa hiyo muwe na salio kwenye simu kabla hamjaanza kupanda.

Mwana wa Uyole:
Basi ni Februari, na la okidi nitawaambia Jumamosi kwenye mazoezi kabla ya yote. Kaka wa Matamba, tukilala Chimala tutapata gari alfajiri?

Mtoto wa Matamba:
Msilale Chimala, pale joto na bado mna kona zote mbele yenu. Njooni Ijumaa mchana mlale Matamba, nyumba za wageni zipo, Jumamosi saa kumi na mbili mko tayari. Nitafute inbox nikuulizie gari la kuwapandisha uwandani.