Eti mtamba wangu, ng'ombe ambaye hajazaa bado, katupa mimba kwa kuniona sura!

Wana Tanga, mikono inanitetemeka, mtanivumilia. Simtaji bwana mifugo wetu. Wafugaji wote mnamjua, yule wa pikipiki nyekundu na koti jeupe lisilofuliwa tangu enzi za mkonge.

Leo alfajiri nimemfuata kituo cha maziwa nimwambie mtamba wangu katupa mimba ya miezi mitano. Mbele ya foleni nzima ananijibu: "Mama, atakuwa kakuona sura akashtuka." Sura! Mimi! Foleni ikacheka mpaka madumu yakacheka.

Mtu huyo nilimwomba chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa, ile ya mbu inayotupisha mimba, mwezi wa sita, kabla ya kupandisha. Akasema jua lote hili, mbu wako wapi? Mtamba akashika mimba, nikamfuata tena. Akasema sasa haiwezekani, chanjo hai, yenye kirusi kilichodhoofishwa, hachomwi mwenye mimba, yenyewe inaweza kumtupisha. Si ndiyo maana nilikuja mapema?! Vuli ikashuka, mbu wakubwa kama kunguru, na jana usiku ndama huyo chini, kope na mdomo tu ndiyo vimeota vinyweleo. Nimemfukia mwenyewe, glovu sina, nimevaa mifuko ya mkate, maana kirusi hicho hakichagui ng'ombe wala mtu. Mwaka 2007 si kiliua watu nchi hii? Sampuli hakuchukua. Kaishia kwenye sura yangu!

Sura, jamani!

Mzee wa Malisho: Pole dada. Ila bila vipimo umejuaje ni homa hiyo? Hata brusela, ugonjwa wa bakteria, hutupisha.

Mwenye uzi: Angechukua sampuli ningejua! Yeye kapima sura!

Kijana wa Ras Kazone: Weka picha kwanza, tusimhukumu bwana mifugo wa watu.

Binti Muheza: Afadhali wako alishika hiyo mimba. Mimi mhimilishaji, yule wa kupandisha kwa mbegu za mrija, kaja mara tatu, mara zote nalipa mbegu na mafuta ya pikipiki, ng'ombe anarudi joto, anataka dume tena.

Mzee wa Malisho: Huangalii joto wewe. Ukiliona asubuhi, pandisha jioni.

Binti Muheza: Nimempigia asubuhi, kaja keshokutwa! Nimshikilie joto kwa kamba?

Baba Pumba: Mnapandisha mtawalisha nini? Gunia la pumba limepanda tena wiki hii, au ni kwangu tu?

Kijana wa Ras Kazone: Mashudu ndiyo usiseme.

Mwenye uzi: Mbele ya foleni nzima lakini!

Baba Pumba: Dada, wewe pumba unachukua wapi?