Naomba ushauri: oili iliyozama kwenye sakafu ya zege ya gereji

Habari wakuu. Sakafu ni ya zege tupu, ina madoa meusi ya oili chafu ya muda mrefu, na inatakiwa kupakwa rangi ya epoksi. Oili ikibaki ndani, rangi itabanduka.

Utando wa juu umekwanguliwa, pakasuguliwa kwa sabuni ya unga, maji ya moto na brashi ngumu ya plastiki (nyuzi za brashi ya chuma zikibaki hushika kutu). Maji machafu yamenyonywa kwa maranda yasiingie mtaroni. Doa limepauka, lakini tone la maji likidondoshwa hapo linasimama kama shanga, halinyweki, yaani oili bado imo ndani.

Kinachofikiriwa sasa ni bandiko, yaani uji mzito unaopakwa juu ya doa ili uvute oili: kostiki soda gramu 50 kwa lita 1 ya maji, kwenye ndoo ya plastiki, kwani kostiki hula alumini. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si kinyume chake, glavu na miwani vikiwa vimevaliwa. Inachanganywa na unga wa chaki, inapakwa unene wa sentimita 1 na kufunikwa nailoni saa 24.

Kwa oili iliyozama hivyo, kostiki inatosha, au bandiko la tapentaini huvuta zaidi? Na je, kuna aliyelazimika kusaga zege kwa mashine? Alishuka milimita ngapi?

Asidi tuiache: inakula saruji, oili haiigusi.