Baritoni ya zamani ya Zuhura

Zuhura: Shikamooni wote. Kuna mtu anauza saksafoni ya baritoni, ile kubwa ya sauti nzito, modeli ya 12M ya kampuni ya Conn, anataka jibu kesho. Mjomba Seif, picha hizo hapo juu, naomba unitazamie.

Mjomba Seif: Marahaba mwanangu. Ngoja nizikuze.

Idi: Mbona imefubaa hivyo? Mimi ningetafuta inayong'aa.

Mjomba Seif: Idi, kufubaa huko ndiko kunakonifurahisha. Tazameni nakshi ya uso wa mwanamke kwenye kengele, ule mdomo mpana wa saksafoni, mistari bado mikali. Ingekuwa imesuguliwa na kupakwa laka upya, ule uso ungefifia, maana anayesugua laka anasugua na shaba.

Mjomba Seif: Zuhura, pitisha ukucha kwenye ukingo wa matundu makubwa. Umekunjwa ukawa mviringo, au umekatwa wima?

Zuhura: Umekunjwa. Na karibu na namba yake, mgongoni, imeandikwa PAT'D DEC. 8, 1914. Muuzaji anasema ndio mwaka ilipoundwa.

Mjomba Seif: Hapana, hiyo ni tarehe ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya namna ya kuvuta matundu kutoka kwenye shaba ya bomba lenyewe. 12M zilianza kutoka Elkhart, Indiana, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwishoni mwa miaka ya 1940 Conn wakaacha kukunja ukingo. Yako ni ya katikati hapo, kipindi kizuri sana. Siku ukimpelekea fundi, mwambie asiguse ukingo kwa tupa. Tupa ikishakula mkunjo, haurudi tena.

Shangazi Rehema: Ina noti ya A ya chini? Muziki wa bendi kubwa siku hizi unaitaka.

Mjomba Seif: Haina dada, inaishia B bemoli. Ndiyo maana bomba lake ni fupi kidogo na ni jepesi begani. Mpiga baritoni Harry Carney alikaa na bendi ya jazi ya Duke Ellington tangu 1927 hadi 1974, na Conn ndiyo iliyompa ule mngurumo. Gerry Mulligan, bingwa mwingine wa baritoni, naye alipiga Conn.

Zuhura: Sisi tuko wanne na tunapanga muziki wenyewe. A sitaihitaji.

Mjomba Seif: Basi tuende kwenye jambo kubwa, kuvuja. Zima taa za chumba, shusha taa nyembamba ndani ya bomba, ufunge funguo moja moja kwa kidole chepesi. Usibane! Pedi, ile ngozi chini ya ufunguo inayofunika tundu, ikiziba kwa kubanwa tu ni pedi iliyokwisha. Kisha tikisa funguo ubavuni uone kama zinacheza kwenye nguzo zake, chungulia kama bomba limepinda, uangalie shingo inakaa imara kwenye tundu lake. Alama za kulehemu penye nguzo na mikono ya kengele pia nipigie picha.

Idi: Mjomba, hayo yote kwa saksafoni moja?

Mjomba Seif: Yote. Mabonyeo madogo ya kengele fundi huyatoa. Bomba lililopinda na funguo zilizolegea ndizo zinazomaliza watu.

Zuhura: Nimerudi. Bomba limenyooka, shingo imebana, sijaona lehemu mpya. Mwanga unapenya kwenye pedi mbili tu, zile za kengele, ya B na ya B bemoli. Ila nikishuka C na chini yake sauti inakoroma, inakatikakatika. Na oktava hazikubaliani. Muuzaji mwenyewe anasema labda ina kasoro ya ndani.

Mjomba Seif: Unapulizia kinywa gani, kile kipande cha mdomoni kinachochomekwa shingoni?

Zuhura: Cha chuma, kipya, chumba chake cha ndani chembamba. Ili nifike A ya 440, sauti ya kulinganishia vyombo, nimekivuta nje mpaka kinakaribia kuchomoka.

Mjomba Seif: Umejijibu. Bomba la saksafoni lina umbo la pia, kama faneli ndefu, iliyokatwa ncha, na kinywa ndicho kinachojaza nafasi ya ncha iliyokosekana. Conn hii ilikusudiwa kinywa chenye chumba kikubwa cha duara. Chumba kikiwa kidogo unalazimika kukivuta nje, na ukikivuta sana oktava zinaachana, noti za chini zinakoroma. Usiihukumu baritoni kwa kinywa kisicho chake.

Shangazi Rehema: Mimi ninacho cha eboniti, yaani mpira mgumu, cha zamani, chumba kipana. Uwazi wa ncha ni karibu inchi 0.100. Njoo ukichukue, uende na ridi, kile kibanzi kinachotetemeka, namba 2½.

Mjomba Seif: Huo uwazi unakufaa. Usikimbilie ncha pana kwa sababu baritoni ni kubwa, utachoka pumzi kabla hujapata sauti.

Zuhura: Jamani! Kinaingia shingoni vizuri, oktava zimekaa, C ya chini imetoka nene na laini. B na B bemoli bado zinakoroma.

Mjomba Seif: Ndivyo inavyotakiwa. Ukipiga C, pedi zile mbili za kengele ziko wazi, kwa hiyo uvujaji wake hauigusi. C imeponywa na kinywa. Hizo mbili zitaponywa na pedi.

Idi: Kwa hiyo anunue?

Mjomba Seif: Anunue. Zuhura, mwonyeshe muuzaji mwanga kwenye zile pedi, gharama ya fundi itoke kwenye bei yake. Cha chuma kibaki kwake, hukihitaji.

Zuhura: Nampigia sasa hivi. Shangazi, kinywa chako nitakaa nacho kidogo.

Shangazi Rehema: Kaa nacho mwanangu, kilikuwa kabatini tu.