Mwimbaji kafariki juzi tu, nami nimeanza kumwandikia riwaya. Niendelee?

KalamuNzito (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Nina jambo linanikaba, naomba mnijibu bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuna mwimbaji mmoja amefariki hivi karibuni. Simtaji. Nyimbo zake nimekua nazo, na tangu nisikie habari za msiba kichwa hakitulii. Ninaandika hadithi, ndiyo kazi niijuayo, kwa hiyo nimeandika. Sura za mwanzo zinakwenda vizuri: ndoa iliyovunjika, pombe, ile miaka miwili aliyopotea jukwaani bila kumwambia mtu sababu.

Inayonisumbua ni sura ya usiku wa mwisho. Amekaa ukingoni mwa kitanda cha hospitali. Wauguzi wamemfuta rangi ya kucha ili kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidole kisome vizuri, na kidole gumba kimebaki na alama nyekundu pembeni. Anampigia binti yake. Binti hapokei. Anaacha ujumbe wa sauti, na maneno ya ujumbe huo nimeyatunga mimi.

Jina nimembadilishia. Ila yeyote atakayesoma atajua ni nani, na kusema kweli nataka ajue. Rafiki yangu aliyesoma kaniambia nafanya biashara matangani. Je, shida ni kwamba bado mapema? Ni jina? Au ni jambo lenyewe, hata ningesubiri miaka thelathini?

Pingamizi

Nianze na sheria kwa kuwa ndiyo fupi. Nchi zinazofuata mapokeo ya Uingereza, marehemu hakashifiwi: haki ya kushtaki kwa kashfa inakufa na mwenyewe. Walio hai waliomo kwenye hadithi yako ndio wanaoweza kukushtaki. California wanalinda jina na sura ya mtu maarufu kwa miaka 70 baada ya kifo, lakini shabaha ni matangazo na bidhaa. Riwaya imeachiwa nafasi yake.

Kuhusu hilo la kubadilisha jina, usilitegemee sana. Klaus Mann alichapisha Mephisto mwaka 1936 akiwa uhamishoni. Mhusika mkuu ana jina la kubuni, lakini kila mtu alimwona mwigizaji Gustaf Gründgens, ambaye zamani alikuwa shemeji yake mwandishi. Gründgens alifariki 1963. Mwanawe wa kuasili akaenda mahakamani, kitabu kikazuiwa Ujerumani Magharibi, na mwaka 1971 Mahakama ya Katiba ikaliacha zuio lisimame baada ya kura za majaji kufungana 3 kwa 3. Hoja ilikuwa kwamba heshima ya mtu haikomi siku anapokufa, bali ulinzi wake unapungua kadiri kumbukumbu yake inavyofifia. Kwa hiyo swali lako la "mapema" si la adabu tu, majaji nao waliliona. Kitabu chenyewe kilikuja kuchapishwa huko 1981, mwandishi akiwa kaburini tangu 1949.

BintiNduguye

KalamuNzito, mimi nitakujibu kutoka upande wa pili wa kitabu.

Marehemu shangazi yangu alikuwa mwigizaji, watu walimjua. Hata arobaini haijaisha, mtu akaanza kumwandikia hadithi ya mfululizo mtandaoni, jina limegeuzwa kidogo kama ulivyofanya wewe. Akampa mpenzi wa siri. Huyo mpenzi hakutusumbua sana, nakuambia ukweli. Uongo mkubwa una faida yake: unaukana, watu wanabishana, wanachoka.

Kilichotuuma ni kitu kidogo. Humo ndani shangazi anamwita mumewe "kapteni". Hakuwahi kumwita hivyo, alimwita kwa jina lake la ubatizo, tena kwa sauti ya kugomba. Lakini hadithi ilipendwa, na sasa watu wazima na akili zao wanamsimamisha yule baba njiani, "pole sana kapteni". Wanadhani wanamfariji. Yeye anashukuru, anapita. Siku moja nilimsikia mwenyewe akisimulia habari za mkewe, akateleza, akasema "kapteni". Akanyamaza.

Sasa huo ujumbe wa sauti. Pengine binti alipokea simu. Pengine waliongea mpaka betri ikaisha. Pengine upo ujumbe kweli, yuko nao kwenye simu, anausikiliza peke yake. Wewe umeandika mwingine, na kwa sababu unajua kuandika, wako ndio utakaoenea. Na humo umemfanya mtoto asiyepokea simu ya mama yake anayekufa. Ana umri gani huyo mtoto? Kama bado yuko shule, wenzake watasoma.

Huyo mama hata nisingemhofia. Amekwenda. Mtazame anayebaki na simu mkononi.

Msomaji_Sugu

Nampa pole BintiNduguye, lakini napinga kidogo. Mkiwaachia ndugu wa marehemu ufunguo, tutabaki na wasifu za kusomwa msibani. Huko kila mlevi alikuwa "mtu wa watu" na kila mume mkali alikuwa "mwenye msimamo". Familia nazo hutunga, tofauti ni kwamba zenyewe haziandiki "riwaya" kwenye jalada.

Na ruhusa ya watu wa karibu haimaanishi ukweli. Filamu ya 2018 kuhusu Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, ilitengenezwa wenzake wa bendi wakishiriki. Ndani yake, kabla ya tamasha la Live Aid, Julai 1985, anawaambia kuwa ameambukizwa virusi vya UKIMWI. Mwenzi wake, Jim Hutton, alieleza kwamba majibu ya vipimo yalikuja 1987. Mercury mwenyewe alitangaza kuwa ana UKIMWI tarehe 23 Novemba 1991, na kesho yake akafariki. Mtu aliyeilinda siri ile mpaka siku ya mwisho, wakamsogezea ugonjwa miaka miwili nyuma ili onyesho la jukwaani lipate machozi. Na hao wenzake walikuwepo.

Kwa hiyo mkuu, usikimbilie kuomba baraka ukadhani umemaliza. Mimi ningeuliza kila tukio: hili nimelibuni ili nimwelewe, au ili lilize watu? Ile rangi ya kucha ni ya kumwelewa. Ujumbe wa sauti nina wasiwasi nao.

KalamuNzito

Nimewasoma wote. BintiNduguye, hiyo ya "kapteni" imenikosesha usingizi, asante, nadhani.

Jana nimejaribu kitu. Nimeichukua sura ileile nikampa mwanamke ambaye si yeye: si mwimbaji, hana jina, hana lile koti la njano ambalo kila mtu analijua. Kucha zimesimama, maana wagonjwa wengi hufutwa. Simu isiyopokelewa nayo imesimama, hata imekuwa nzito zaidi kwa kuwa sasa nalazimika kumjenga binti badala ya kumwazima. Kilichopungua ni kimoja: msomaji hana tena sababu ya kuuliza "hivi ilikuwa kweli?" Na nimegundua nilikuwa nikilitegemea swali hilo mno. Lilikuwa linanifanyia nusu ya kazi.

Sijui kama hiyo bado ni riwaya niliyotaka kuiandika. Nyie mngeisoma?

Msomaji_Sugu

Ningeisoma. Ila uwe tayari, mchapishaji atakuuliza lile koti limekwenda wapi.

Pingamizi

Na ile miaka miwili ya kupotea, umeiacha humo? Maana hiyo peke yake inamtaja.

KalamuNzito

Nimeiacha. Hiyo siitoi.

BintiNduguye

Basi hapo tutagombana. Lakini binti wa kweli umemtoa, hilo nimeliona.