Kikundi chetu kimeletewa mafunzo ya vitendo kuhusu Wayahudi na Israeli. Tukubali au tuwaambie asanteni?

Kasuku wa Uyole
Wadau habari za muda huu. Naomba mawazo kabla ya kikao cha Jumamosi. Kikundi chetu hapa Mbeya ni cha mtaa, tulianza na kuweka na kukopa, vijana wakaongezeka, Wakristo ndio wengi ila Waislamu nao wapo wa kutosha na hatujawahi kugombania dini hata siku moja. Sasa kuna watu wametuletea ofa kupitia mchungaji mmoja, mafunzo ya jioni nne kuhusu Wayahudi na nchi ya Israeli. Wanasema si mahubiri na si ya kukaa kwenye benchi kusikiliza. Jioni ya kwanza mnakaa meza ya Pasaka ya Kiyahudi, mnakula vyakula vyao na kuulizana maswali. Ya pili wanatandika ramani kubwa sakafuni, mnatembea juu yake kutoka Misri mpaka Yerusalemu, na mipaka ya leo imewekwa kwa kamba. Ya tatu kila mtu anapewa kikaratasi, anakuwa mtu fulani wa mwaka 1948, Israeli ilipoundwa, na anaeleza yaliyompata. Ya nne ni Israeli ya leo, kilimo cha matone na teknolojia, halafu unavaa yale mawani unaona Yerusalemu kama uko palepale. Bure. Wazee wamegawanyika. Nyie mnaonaje?

Mbwiga Original
Bure ya kwao sawa. Posho ya kwetu je?

Mzee wa Mafinga
Kubalini haraka kabla hawajaenda kwa wengine. Hawa Waisraeli tumetoka nao mbali, msione hivi. Kabla Mwalimu hajavunja uhusiano 1973 walikuwa wamejaa hapa, wataalamu wa ushirika, wa kilimo, wa ujenzi. JKT yenyewe hii, Jeshi la Kujenga Taifa mnaloliona, walituundia wao, ile staili ya kijana kushika jembe asubuhi na bunduki jioni imetoka kwao, walikuwa na jeshi lao la namna hiyo linaitwa Nahal. Ila vijana wa sasa mnaoenda miezi mitatu kupiga picha na kurudi mtajulia wapi.

Bint Tanga
Mimi nina swali dogo tu kwa mleta mada. Hiyo kamba ya mipaka kwenye ramani, Ramallah na Hebron, miji ya Wapalestina, ziko upande gani wa kamba? Na Gaza imechorwa au imeachwa nyeupe? Maana ukitembea juu ya ramani kwa miguu yako hutaisahau kama ungeisoma kitabuni, miguu inaamini haraka kuliko macho. Na vile vikaratasi vya 1948, ni vingapi vya mtu wa Haifa au wa Lydda aliyefunga nyumba akaondoka na ufunguo akidhani atarudi baada ya wiki mbili? Wapalestina kama laki saba walitoka makwao kipindi kile. Kama kwenye vikaratasi thelathini hakuna hata mmoja wa huyo, basi hapo hakuna kushiriki, mnaigiza tamthilia ambayo mwisho wake umeshaandikwa.

Kuruta wa Oljoro
Mzee wa Mafinga shikamoo. Hapo kwenye picha umenigusa pabaya. Mimi nimepita kwa mujibu wa sheria baada ya form six, nimekimbia mchakamchaka saa kumi alfajiri baridi ya Arusha mpaka vidole havikunji, halafu mtu ananiambia nilienda kupiga picha, simu zenyewe zilikuwa zinakusanywa siku ya kwanza. Na hiyo JKT "walituundia wao" umeitoa wapi? Wazo lilitoka kwa vijana wa TANU, serikali ikapitisha, JKT ikaanza Julai 1963. Wageni walikuja kusaidia tu. Tusiwe watu wa kupewa kila kitu.

Mzee wa Mafinga
Marahaba kijana. Sijasema walituletea kwenye boksi. Nimesema muundo. Viongozi wa mwanzo walienda kufunzwa kulekule Israeli, na wakufunzi wao walikuja hapa. Hilo halipingiki, waulize waliokuwepo. Na nyinyi wa baada ya 2013 mnasahau kwamba mafunzo haya yalisimama toka 1994, kuna kizazi kizima kilikosa kabisa, ndio hao wanaolalamika mtandaoni kila siku.

Kuruta wa Oljoro
Kwa hiyo na mimi ni mlalamishi. Sawa mzee.

Mbeba Maboksi MN
Niko Minnesota huku, haya mambo ya meza ya Pasaka nimeyaona makanisani hasa kuelekea Ijumaa Kuu. Vitu ni vitamu kwa macho: matza ambayo ni chapati iliyokataa kuumuka, majani machungu ya kukumbuka utumwa, maji ya chumvi ya machozi, mchanganyiko wa tufaha na lozi na divai unaofanana na tope la matofali ya Farao, vikombe vinne vya divai. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye anaanza kuuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote. Yaani hawa watu walianza mafunzo ya kushiriki zamani sana kabla ya hao wa projekta. Ila mjue kitu kimoja, marabi wengi hawapendi kabisa Wakristo wakiifanya wenyewe halafu kila tonge wanamtafutia Yesu. Meza ile kwa sura iliyonayo leo ilijengwa baada ya hekalu kubomolewa mwaka 70, kwa hiyo Yesu hakukaa kwenye meza hiyo mnayoonyeshwa. Mkiulizwa tukubali, ulizeni kwanza nani anaongoza meza: Myahudi anayekueleza dini yake, au mchungaji aliyenunua sahani ya Kiyahudi mtandaoni?

Mtumishi Ayubu
Mbeba Maboksi acha kupotosha. Biblia inasema wazi Bwana alikula Pasaka na wanafunzi wake, wewe na digrii zako za huko unatuambia hakula. Mmeenda Marekani kubeba maboksi mkarudi na uasi.

Mbeba Maboksi MN
Mtumishi sijasema hakula Pasaka. Alikula Pasaka ya wakati hekalu lipo na kondoo anachinjwa. Nimesema mpangilio huu wa vikombe vinne na kitabu cha kufuata ukurasa kwa ukurasa ni wa baadaye. Soma tena taratibu. Na maboksi yananilipia ada ya mdogo wangu, sioni aibu.

Mtumishi Ayubu
Aibarikiye Israeli atabarikiwa na ailaaniye atalaaniwa. Nimemaliza.

Bint Tanga
Hujamaliza mtumishi, umeanza. Kuna mtu atanijibu la kamba?

Mbwiga Original
Dada wewe tunajua upande wako, hata ungeonyeshwa ramani imeandikwa na malaika ungesema kamba imepinda.

Bint Tanga
Upande wangu upi Mbwiga? Sema wazi usizunguke. Kwa sababu naitwa hivi na natoka Tanga? Mimi nafunga Ashura kila mwaka, na tunafunga kwa sababu ni siku Musa aliyookolewa kutoka kwa Farao, Mtume aliwakuta Mayahudi wa Madina wanafunga naye akafunga. Hiyo safari ya kutoka Misri mnayotaka kutembea juu ya turubai mimi ninaifunga na njaa. Kumjua Myahudi sina shida nako. Nina shida na kuchanganya dini ya watu wa miaka elfu tatu na siasa ya serikali moja ya leo, kwenye furushi moja, jioni nne, bure. Jioni ya kwanza wanawalisha, ya nne wanawauzia. Mimi ningesema chukueni ya kwanza, hizo nyingine waje na mtu wa pili wa kujibu.

Msee wa Eld
Wacha niingilie kutoka Kenya. Kwa hiyo ramani yenu kuna mahali wanapita Uasin Gishu? Hamjui hii story? 1903 Chamberlain, waziri wa makoloni wa Waingereza, alimwambia Herzl, kiongozi wa Wayahudi waliotaka nchi yao, achukue ardhi huku kwetu wajenge taifa la Wayahudi. Watu huita mpango wa Uganda lakini ardhi yenyewe ilikuwa hii ya kwetu Eldoret side. Wakatuma watu wakakuja kuangalia, na 1905 mkutano wao ukakataa. Walowezi wazungu nao walikuwa wanapiga kelele hawataki. Hebu fikiria hakuna mtu hata mmoja aliuliza Wanandi na Wamasai. Mimi hiyo ndio ningependa kuigiza na vikaratasi, nipewe kikaratasi cha mzee wa Kinandi anaambiwa shamba lake limegawiwa na mtu yuko London.

Mwl. Chimala
Huyu ndugu wa Eldoret ameleta somo kubwa kuliko sisi wote na mtampita kama hamkumwona. Nafundisha historia sekondari, nawaambia igizo la vikaratasi lina nguvu kweli, mwanafunzi akishasema kwa mdomo wake "mimi ni fulani, niliondoka usiku" hasahau mpaka mtihani wa mwisho. Ndiyo maana aliyeandika vikaratasi ana mamlaka kuliko aliyesimama mbele. Ili uwepo uwiano ningeweka wa Lydda aliyemsema dada, ningeweka na Myahudi wa Baghdad, maana 1950 na 1951 Wayahudi zaidi ya laki moja walitoka Iraki kwenda Israeli na wengi waliacha mali yote, na ningeweka aliyetoka kambi za Ulaya hana ndugu hata mmoja aliyebaki. Wakikaa meza moja hao watatu, hapo vijana wataumwa kichwa, na kichwa kikiuma ndio elimu inaingia.

Mzee wa Mafinga
Mwalimu umesema vema. Ndiyo maana nasema hata historia ya JKT ingefundishwa hivyo.

Kuruta wa Oljoro
Mzee tumeshatoka huko!

Dada wa Rombo
Samahani mnaongea kama mambo yako mbali. Vijana wetu wawili wa Kitanzania walikwenda kule kusomea kilimo, walikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo mashambani karibu na Gaza, wakauawa tarehe 7 Oktoba 2023. Hawakuwa wa upande wowote, walikwenda kujifunza kilimo cha kisasa warudi kulima. Kwa hiyo kwenye jioni ya nne, wakishaonyesha matone na nyanya za jangwani, waulizwe hao vijana wametajwa wapi. Na wakitajwa wasitajwe kama picha ya kuchangisha huruma. Na baada ya hapo waulizwe wa Gaza wangapi wamekufa. Mtu mzima anaweza kubeba vyote viwili.

Mbwiga Original
Hapa sina utani. Poleni sana familia.

Mtumishi Ayubu
Poleni. Lakini dada mwisho umeteleza, hayo mambo mawili hayalingani.

Dada wa Rombo
Sijasema yanalingana, mtumishi. Sikupima kilo.

Mbale Road
Mimi napita tu kutoka upande wa Uganda. Mnatafuta watu wa kuwafundisha Uyahudi wakati jirani zenu Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, wapo hapa Mbale tangu kiongozi wao Kakungulu aanze 1919? Waafrika weusi, wanaimba zaburi kwa Kiganda, Amin aliwapiga marufuku na wakashika dini yao kimyakimya. Hao wakiongoza meza hamtaona mawani ya kuvaa, mtaona kuku na matoke yaliyo halali kwao. Na mkiwauliza kuhusu Israeli watawaambia ukweli mchungu pia, kwamba wapo waliotaka kuhamia kule, wizara ya mambo ya ndani ya Israeli ikawakatalia.

Kuruta wa Oljoro
Hii ndio ya kwanza kunishawishi. Bei gani nauli Mbale mpaka Mbeya?

Mbale Road
Kaka ni mbali balaa, utavuka mipaka na kulala njiani. Lakini hao wa bure nao nauli yao kuna mtu analipa.

Kasuku wa Uyole
Nawashukuru wote, nimewasomea baadhi ya hizi kwenye kikao. Yaliyotokea ni kwamba mama mweka hazina, ni Muislamu na ni mkali, alisema atakubali jioni ya kwanza na ya tatu, ila vikaratasi vya 1948 wavitume wiki moja kabla tuvisome na tuongeze vya kwetu. Ramani wakija nayo tutauliza la kamba palepale mbele ya watu wote. Tumewapigia simu wakasema watatujibu. Sasa mzozo umehamia kwingine kabisa, vile vikombe vinne vya divai, Waislamu hawanywi na baadhi ya walokole nao hawagusi, na kuna wazee wawili wamejiandikisha kwa ajili ya hivyo vikombe tu.

Mzalendo wa Dom
Juisi ya zabibu nyekundu ya Dodoma, tatizo limeisha. Nina mtu anauza kwa ndoo.

Mtumishi Ayubu
Ya ndoo haiwezi kuwa halali kwa Wayahudi, wana masharti mpaka ya nani ameishika.

Mbeba Maboksi MN
Mtumishi leo umeanza kuwatetea marabi, mimi nafunga laptopu nikalale.

Mzee wa Mafinga
Huyo kijana wa Oljoro hajanijibu kambi yake ilikuwa na mkuu gani. Nasubiri.